Dawa Haijui Goti

Daktari alipomuuliza Mama kama kuna dawa anazotumia nyumbani, Mama alitikisa kichwa akasema, "Hakuna." Alisema hivyo akiwa amelazwa hospitalini mjini Kisii, mkono mmoja una dripu, midomo imempauka, na mimi binti yake, ambaye riziki yangu ni kuuza dawa, nimesimama pembeni nikiitikia kwa kichwa. Hakuna! Haki ya Mungu, mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yananiwaka moto.

Mimi hufanya kazi katika duka la dawa mjini. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye familia yake imekaa nyuma ya kaunta ile tangu enzi za babu yake, na Ekegusii anakizungumza vizuri kuliko vijana wengi wanaorudi likizo kutoka Nairobi wakijifanya wamekisahau. Sheria yake haina mzaha: hakuna kidonge cha maumivu kinachotoka bila mteja kuulizwa maswali. Umekula? Una vidonda vya tumbo? Una presha? Unameza dawa gani nyingine? Watu hukasirika. "Kwani wewe ni askari?" huniuliza. "Nimekuja kununua dawa, sikuja kuandikisha taarifa." Nami simwachii mtu, kwa sababu najua dawa zile zinaweza kufanya nini. Mama naye nilikuwa nikimuuliza kila nilipofika nyumbani. Kila mara alinijibu kwamba yuko sawa, ila magoti tu.

Magoti yenyewe yalikuwa na haki ya kulalamika. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Keumbu, upande wa Nyamira, kwenye mteremko ambao ukidondosha parachichi litafika mtoni kabla yako. Mama amechuma chai katika mteremko ule tangu kabla sijazaliwa, kikapu mgongoni, umande mpaka magotini, mvua inyeshe isinyeshe. Ana presha pia. Kliniki ilikuwa imempa dawa mbili za presha, na hizo alizimeza vizuri bila kukosa. Hizo ndizo alizoziita dawa, na daktari alikuwa ameshaziona kwenye kadi yake. Nyingine zote hazikuwa dawa kwake. Zilikuwa zawadi.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Utabeba mkungu wa ndizi, au maziwa, au sukari, au mkate, na ukikosa vyote utang'oa hata viazi viwili uende navyo. Ni desturi nzuri na mimi nimelelewa nayo. Lakini siku hizi kitu kingine kimejiunga na ndizi. Sabato alasiri, baada ya ibada, akina mama wa kanisa hufika nyumbani kwa mgonjwa, wengine hawajavua hata vitambaa vyao vya kichwani. Wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Kisha wakati wa kuaga kila mmoja anafungua ncha ya leso yake, na badala ya sarafu unaona vidonge. "Hivi vilimsaidia mzee wangu mgongo." "Hivi vilibaki mtoto alipopata nafuu." "Hivi jina lake silijui, lakini ukimeza jioni, asubuhi unaamka kama msichana." Mgonjwa anapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Utakataaje? Kukataa zawadi ya mtu aliyepanda mlima kuja kukuombea ni tusi.

Yaani ingekuwa ni watu wabaya ningejua la kufanya. Lakini ni watu wazuri, wanaompenda mama yangu, na walikuwa wanamuua kwa mapenzi.

Mama alihifadhi zawadi hizo katika ekee, kile kikapu chetu kidogo cha kupakulia ugali wa wimbi. Ekee yake ilikuwa imechakaa, haifai tena mezani, akaipandisha juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kushona kwa mkono. Mimi nilikipita kitambaa kile miaka na miaka nikidhani kimefunika sahani.

Msimu huo, mvua ndefu zilipokuwa zimeifanya chai ichipue kwa fujo, Mama alianza kusikia kizunguzungu. Alikuwa akichuma mstari mmoja anakaa, anachuma mwingine anakaa. Kisha choo chake kikawa cheusi. Hakuniambia. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa jirani yetu wa chini, rafiki yake ambaye waliolewa mlima ule msimu mmoja, wakazaa pamoja na kuzeeka pamoja. Mimi humwita makomoke, yaani mama mdogo, ingawa si ndugu wa damu. Makomoke alifikiri kidogo, akamwambia, "Umekuwa ukila nini?"

"Chinsaga."

"Basi ni chinsaga."

Na wakaridhika wote wawili! Chinsaga ndiyo ile mboga yetu chungu, inayopikwa polepole na maziwa mpaka ilainike. Mwanamke akijifungua hupewa hiyo ili damu irudi. Mama, kwa kuwa alisikia kizunguzungu, alijua damu imepungua, akawa anaila asubuhi na jioni. Choo kikazidi kuwa cheusi, mboga ikalaumiwa. Kadiri damu ilivyozidi kumtoka ndivyo alivyozidi kula chinsaga, na kadiri alivyokula chinsaga ndivyo alivyozidi kupata sababu ya kutojali choo. Mboga ya kijani inaweza kukitia choo rangi, ni kweli. Lakini choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu isiyovumilika, hicho si mboga. Hiyo ni damu iliyovuja tumboni na kusagwa njiani pamoja na chakula. Ningeambiwa neno moja tu kwenye simu ningejua.

Siku moja akiwa kwenye foleni ya kupima majani katika kituo cha chai, alianguka juu ya gunia lake. Makomoke ndiye aliyempandisha kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake akimshikilia kiunoni, hivyo hivyo mpaka barabara kuu, na kutoka hapo wakapata gari mpaka mjini. Mimi niliwakuta hospitalini nikiwa bado na koti langu la kazi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimshika Mama kidevu, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama ndani yake. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe. Aliuliza kuhusu choo. Mama akaona aibu, akageukia ukuta. Makomoke akamjibia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Ni mboga hiyo, daktari. Amekula mboga mingi." Kisha likaja swali la dawa, na jibu mlilolisikia.

Walimwongezea damu. Walimpitishia kamera kooni, wakakiona kidonda tumboni kikivuja, wakakizuia. Kipimo cha figo nacho hakikuwa kizuri. Daktari akaniita kando akaniuliza taratibu, "Una hakika kabisa hakuna dawa za maumivu?" Alivyouliza, nikajisikia mimi ndiye mteja na yeye ndiye aliye nyuma ya kaunta. Nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilipekua chini ya godoro, kwenye sanduku, nyuma ya redio, kila mahali. Mwishowe nikapanda juu ya kigoda nikafunua kile kitambaa.

Ala! Sijawahi kuona kitu kama kile. Vidonge vya rangi zote, vingine bado vimo kwenye karatasi zake zilizokatwa vipande vipande hadi jina halisomeki, vingine vimelala uchi pamoja na punje za wimbi. Nilikaa sakafuni nikavichambua kama ninavyochambua maharage. Nilikuwa nalia na nikiongea peke yangu. Kisha nikaibeba ekee nzima nzima mpaka hospitalini, nikammwagia Mama vyote kwenye blanketi mbele ya makomoke, mbele ya wagonjwa wengine, mbele ya kila mtu.

"Hivi ni nini?"

"Hivyo si dawa," Mama akasema. "Hivyo nilipewa."

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimekwisha kumshukuru Mungu kwamba yu hai, na sasa nilitaka kumpigia kelele, na nilimpigia.

"Hiki cha waridi ni diklofenaki. Unakimezea nini?"

"Goti."

"Na hiki?"

"Mgongo."

Kile cha mgongo kilikuwa ibuprofeni. Na kile cha kichwa, ambacho alikimeza asubuhi kabla ya chai na bila chakula ili kifanye kazi haraka, kilikuwa aspirini. Majina matatu, kazi moja! Ni ukoo mmoja wa dawa. Mama alikuwa anadhani anatibu sehemu tatu za mwili, kumbe alikuwa anameza kitu kile kile mara tatu.

Nikamweleza, na nitaeleza na hapa, kwa maana nimechoka kuona watu wazima wakikabidhiwa vidonge bila maelezo kana kwamba hawana akili ya kuelewa. Mwilini kuna kemikali ambayo hutengenezwa mahali palipoumia. Hiyo ndiyo inayopafanya pavimbe, pawe na joto na paume, ili ujue pana shida. Dawa za ukoo huu hukizuia kiwanda cha kemikali hiyo. Isipotengenezwa, uvimbe unapungua na maumivu yanatulia. Mpaka hapo ni sawa. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo hiyo ina kazi nyingine mahali pengine. Tumboni ndiyo inayoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kuukinga dhidi ya asidi. Kwenye figo husaidia kuiacha mishipa wazi damu ipite. Ukifunga kiwanda, umekifunga kote. Goti linapumzika, na tumbo linabaki bila kinga mbele ya asidi yake lenyewe.

Mama alinisikiliza akiwa amekunja uso. Akauliza swali ambalo wateja wangu huuliza kila siku, "Lakini dawa ya goti inatafuta nini tumboni?"

"Haitafuti kitu. Inaingia kwenye damu, na damu inakwenda kila mahali. Dawa haijui goti, Mama. Haina macho."

"Basi angedungwa sindano," makomoke akasema kwa niaba yake. "Sindano haipiti tumboni."

Hata hiyo, nikamwambia, hata ukidungwa matakoni. Damu ni ile ile na kiwanda ni kile kile. Akanitazama kama mtu anayedanganywa.

Nikaendelea. Kulikuwa na kidonge kidogo cheupe, kichungu, ambacho mtu fulani sokoni humfungia kila mwenye maumivu ya viungo pamoja na vingine kwenye kijikaratasi cha kaki. Mama alikisifu sana. Kilimpa hamu ya kula, mashavu yakajaa, watu wakamwambia amependeza. Hicho ni cha ukoo wa steroidi. Kinaituliza kinga ya mwili, kinaulaza uvimbe kama mtu aliyepewa pombe, na kwa ugonjwa wake halisi ni dawa nzuri mno. Lakini presha kinaipandisha, sukari kinaipandisha, na kikikutana na wale wa ukoo wa goti tumboni, tumbo halina pa kukimbilia. Ukikizoea na kukiacha ghafla unaweza hata kuzimia. Na kinauzwa na mtu mwenye kipaza sauti, kando ya betri na sumu ya panya! Nani amempa ruhusa? Anayepita pale akiwa na kazi ya kumzuia, mbona hamwoni wala hamsikii, na kile kipaza sauti kinasikika mpaka ng'ambo ya mto?

Kulikuwa na vile vya kutafuna vya kiungulia. Tumbo lilipoanza kumchoma, Mama alivitafuna. Vile hupunguza ukali wa asidi kwa muda mfupi tu, kazi yake inaishia hapo. Kwa hiyo tumbo lilikuwa linapiga kelele kwamba linaungua, na yeye alikuwa analiziba mdomo. Kulikuwa na kapsuli za rangi mbili, za kuua bakteria, mbili hapa, tatu pale, mabaki ya dozi za watu walioacha mara tu homa iliposhuka. Dawa zile huua bakteria tu, nyingine kwa kuuvunja ukuta wao. Ukikatiza, umewaacha walio wagumu wakajifunza na kuzaana. Mama hakuwa hata akizimeza. Alikuwa akizifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda akijikata na jembe, kama wafanyavyo wote mlimani kwetu. Kapsuli si poda, jamani!

Lakini lililoniuma kuliko yote ni dawa zake halali za presha. Moja hulegeza mishipa ya damu. Nyingine huziamuru figo zitoe chumvi na maji kwenye mkojo, ndiyo maana alikuwa akilalamika kwamba kliniki imempa kazi ya kwenda choo. Sasa dawa za goti hufanya kinyume: huzuia chumvi na maji mwilini, na hubana mishipa ya figo. Mama alikuwa anaivuta presha chini kwa mkono mmoja na kuipandisha kwa mwingine, na figo ziko katikati zikisagwa. Presha ikakataa kushuka. Na kule kliniki, badala ya kumkalisha na kumuuliza anameza nini kingine, walimwongezea nguvu ya dawa. Na diklofenaki ya kwanza kabisa, mnajua ilitoka wapi? Ilitoka kule kule kwenye zahanati, katika bahasha ndogo iliyoandikwa moja mara mbili, basi. Haikuandikwa meza baada ya kula, wala kwa muda gani, wala kwamba ukiona choo cheusi kimbia. Tumewafundisha watu namba za kumeza tu, halafu tunawashangaa wanapomeza.

Daktari aliyasikia makelele yangu akaja. Akatazama blanketi, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba Mama hatameza tena dawa ya ukoo ule, na kwamba maumivu yakimzidi atumie parasetamo kwa kipimo, maana hiyo haili tumbo, ila ukiizidisha inaharibu ini. Mama akaitikia kila neno. Alikuwa ameogopa kwa kweli. Aliporudi nyumbani akawa kila asubuhi anakwenda dirishani na kioo, anavuta kope la chini kama alivyofanya yule daktari, anatazama kama wekundu umerudi. "Umeanza kurudi," aliniambia kwenye simu, na furaha yake ilinifanya nisahau hasira kwa siku kadhaa.

Siku aliporuhusiwa, ekee ilirudi nyumbani na vidonge vyake ndani ya mizigo yetu, nami nilitaka niende nayo mjini, vidonge vikateketezwe ipasavyo. Mama alinizuia. "Acha," akasema. "Hiyo ni ya nyumbani kwangu. Nitashughulika nayo mwenyewe." Nikamwacha, nikiamini kwamba mtu aliyeongezewa damu hahitaji kukumbushwa.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kumwona. Ekee ilikuwa mezani, imeoshwa, imekaushwa juani, ina ugali wa wimbi unaotoa moshi.

"Umevitupa?" nikamuuliza.

"Nitupe chooni vitu vya watu? Niligawa."

Ati aligawa! Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza bila wasiwasi wowote, akinimegea ugali. Sabato walipokuja kumpongeza kwa kupona, alimpa kila mmoja kadiri ya ugonjwa wake. Wa mgongo alipata vya mgongo. Wa kiungulia alipata vya kutafuna. Aliwaambia kabisa kwamba binti yake ni mtu wa dawa na amevichambua kimoja kimoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa. Hata jina langu lilikuwa limetumika!

"Mama, si nilikwambia vilikutoboa tumbo?"

"Ulisema tumbo langu ndilo lililoshindwa. Ya wenzangu hayajashindwa. Kitu kizuri kikikukataa, unampa anayekiweza."

Nilisimama. Nilisema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwa sauti ambayo bila shaka ilifika kituo cha chai. Nilimwambia kwamba hakuna tumbo la chuma mlimani hapa, kwamba wale ni wanawake wa umri wake, wana magoti yake na presha yake, na kwamba kilichompata yeye kitawapata wao mmoja mmoja. Mama aliacha kula. Akatwaa mfuko wake wa kanisani, akachukua fimbo, akatoka. Nikamfuata mlangoni nikamwambia niende mimi. "Wewe kaa," akasema. "Niligawa kwa mdomo wangu, nitakusanya kwa mdomo wangu."

Alirudi jua likiwa limeinamia upande wa Kisii, anatembea polepole, mfuko umejaa. Nikaupokea nikaona ni mzito kuliko nilivyotarajia. Nikaumwaga mezani. Vidonge vya ekee vilikuwemo, sehemu kubwa. Pamoja navyo kulikuwa na vingine nisivyovijua, chupa mbili za dawa ya kikohozi, mafuta ya kuchua, na paketi nzima ya kapsuli.

"Hivi vingine vimetoka wapi?"

Mama alikaa chini, akayanyoosha magoti yake mabovu. "Kila nyumba niliyoingia nikauliza dawa, walidhani nimeugua tena. Wakaniongezea."

Kama si kwamba nilikuwa nimekasirika ningecheka. Nilianza kuvitenga, hasira mkononi, vya ukoo wa goti huku, vingine kule. Nikafika mwisho nikaona vya waridi havipo. Ilikuwa diklofenaki, ile nyingi kuliko zote.

"Vya waridi ulimpa nani?"

"Makomoke wako. Kwake sikupita. Alikwisha kuniambia kanisani kwamba amevimaliza. Vilimfaa sana, magoti yamenyamaza kabisa." Kisha akageukia mlangoni. "Sabato iliyopita hakuja kanisani."

Niliona tu Mama ameinuka bila fimbo. Tulishuka kwa njia ya migombani, yeye mbele, akijishikilia kwenye mashina, mimi nyuma nikiogopa atateleza.

Makomoke alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, mgongo kwenye mwimo wa mlango, leso mabegani ingawa hakukuwa na baridi. Alifurahi kutuona. Alitaka kuinuka akashindwa, akacheka. "Ni kizunguzungu tu, mwanangu," akaniambia. "Kitaisha. Nimeinjika chinsaga. Siku hizi naila kila siku ili damu irudi."

Nikafungua mdomo, lakini Mama alikuwa amekwisha kumfikia. Alipiga magoti mbele ya rafiki yake, yale magoti yake, akamshika kidevu, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba na kuligeuzia kwenye mwanga. Nami niliona kutoka pale niliposimama. Palikuwa peupe.

"Choo chako kikoje?" Mama akamuuliza.

Makomoke akanitazama kwa aibu, kisha akasema polepole, "Cheusi. Lakini si ni chinsaga?"

Mama yangu hajawahi kumwaga chakula maishani mwake. Aliingia jikoni, akaepua ile sufuria, akatoka nayo akaimwaga yote kwenye migomba. Akarudi na viatu vya rafiki yake mkononi, akaviweka miguuni pake na kuanza kumvalisha kimoja kimoja. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta.

"Vaa viatu," akamwambia. "Twende. Na daktari akikuuliza unatumia dawa gani, usimwambie hakuna. Mwambie nilikupa mimi."